Umande wa Alhamisi Kuu

Kila alasiri, akitoka shule, Ginesa alibadilisha nguo, akatwaa mundu na kwenda kukata alfalfa, majani ya ng'ombe yaliyostawi kando ya mfereji nyuma ya nyumba yao. Alibeba mzigo wake hadi uani, akayatandaza majani juani na kuyageuzageuza kwa uma wa mti. Hayakuliwa siku hiyo. Yalilala hapo uani yakasinyaa, ng'ombe akayala kesho yake.

Hiyo ilikuwa amri ya babu yake, Mzee Fulgencio, na katika mambo ya ng'ombe babu hakuwa na mchezo. Tangu Ginesa alipokuwa mdogo alimweleza kwamba alfalfa mbichi yenye maji ni tamu mdomoni mwa ng'ombe, lakini ikifika tumboni inachacha na kutoa gesi. Gesi ikikosa njia ya kutokea, tumbo huvimba, mapafu hubanwa, na ng'ombe mzima wa afya hufa kabla jua halijapanda.

Ng'ombe wao aliitwa Capitana. Alikuwa ng'ombe wa kienyeji wa Huerta, bonde la mashamba linaloizunguka Murcia, mwekundu wa kuiva, mwenye kifua kipana na macho mapole. Ng'ombe wa aina hiyo wamebaki wachache mno, maana trekta zimewafukuza mashambani. Mwenzake, Serrana, aliishi ng'ambo ya mfereji kwa Mzee Crisanto, jirani mwenye shamba la milimau. Wazee hao wawili walinunua ndama hao siku moja, wakawafundisha nira pamoja. Mwaka mzima kila ng'ombe alilala zizini kwake, lakini ikifika masika walifungwa nira moja, wakavuta mkokoteni wa kijiji cha Rincón del Moral kwenda mjini Murcia kwenye sikukuu ya Bando.

Bando huangukia Jumanne baada ya Pasaka. Siku hiyo Huerta nzima huingia mjini imevaa nguo za mababu: wanaume vizibao na viatu vya kamba, wanawake sketi zilizotariziwa maua. Mikokoteni hupita barabarani ikigawa mikate, soseji, malimau na maharage mabichi, na mashairi ya kuchekesha na kutania husomwa mbele ya watu. Vijiji vingine mkokoteni wao huvutwa na trekta iliyofunikwa matawi ili isionekane. Wetu ulivutwa na Capitana na Serrana, na sisi watu wa Rincón tulijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Mwaka huo Ginesa alikuwa ametimiza umri wa kucheza ngoma na wasichana wakubwa. Jumatano ya Wiki Kuu walikwenda kufanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa. Binamu yake Damián, mvulana wa sekondari aliyejua kutunga mashairi ya utani, alikaa dirishani akimkosoa kila mchezaji kwa vina, nao wakacheka mpaka mbavu zikauma. Ginesa alipokumbuka majani, jua lilikuwa limeshatua. Alirudi nyumbani akanyamaza. Babu alikuwa amechoka, hakuuliza.

Alfajiri ya Alhamisi Kuu, babu alipanda gari na wanaume wa kijiji kwenda mjini kujenga kibanda cha matete, ambamo watu wa Rincón hupika na kuuza chakula siku za sikukuu. Mama yake Ginesa, aliyefanya kazi ya kupanga malimau kiwandani, alikuwa zamu. Babu aliacha neno moja tu: Capitana ashibe vizuri, ang'ae, maana mji wote utamtazama.

Ginesa alichukua mundu akaenda mferejini. Umande ulikuwa umelala juu ya majani kama mvua. Sketi yake ililowa hadi magotini. Alijua. Tusiseme kwamba hakujua. Lakini alijiambia kwamba siku moja haiwezi kudhuru, na kwamba Capitana amezoea alfalfa tangu utoto. Akakata mzigo, kisha akaongeza mwingine ili ng'ombe ashibe kama babu alivyotaka. Capitana alikula kwa pupa, akilamba hata maji yaliyobaki kwenye kihori.

Haukupita muda mrefu, Ginesa akamsikia Capitana anakoroma. Alimkuta amesimama miguu imepanuka, shingo imenyooshwa, ulimi nje, na ubavu wa kushoto umefura kupita uti wa mgongo. Jambo la kwanza alilolifanya Ginesa lilikuwa kuvuta makapi ya ngano na kufunika majani mabichi yaliyobaki kihorini. Jambo la pili, ndipo alipokimbia kumwita Mzee Crisanto.

Mzee Crisanto alivuka daraja la mfereji bila hata kuvaa viatu. Alimpigia simu daktari wa mifugo, akaambiwa ni sikukuu, aliyeko zamu yuko mbali, asubiri. Aliweka sikio ubavuni mwa Capitana, akaugonga kwa vidole. Ukalia kama ngoma. Akatoa mfukoni kisu chake cha kupogolea, akakikunjua.

"Ginesa, nisikilize," alisema. "Amekula nini?"

"Majani yake."

"Makavu au mabichi? Kama ni mabichi, namtoboa hapa sasa hivi, gesi inatoka, anapona. Nilishawahi kumfanyia hivyo ng'ombe wa baba yangu. Lakini kama ni kitu kingine, sumu au nini, nitakuwa nimempasua ng'ombe wa watu bure, na mwenyewe hayupo. Niambie, binti."

Kisu kilikuwa wazi mkononi mwake. Ginesa alikiangalia, na akilini akamwona babu yake akirudi, akaiona sketi yake ya maua ikifungiwa kabatini, akawaona wasichana wakicheza bila yeye.

"Makavu," alisema. "Niliyaanika jana kama kawaida."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee Crisanto."

Mzee Crisanto alimtazama Capitana, akakitazama kihori kilichojaa makapi ya ngano. Kisha akakikunja kisu, akakirudisha mfukoni. Akajaribu kumtembeza ng'ombe uani huku akimsukuma na kumbembeleza kwa jina. Capitana alitembea hatua chache, akapiga magoti taratibu kama anayeogopa kuanguka, akalala ubavu. Alimtafuta Ginesa kwa macho, maana Ginesa ndiye aliyemlisha kila siku. Ginesa alikaa chini akakipakata kichwa chake kizito, akamwita, akamwita tena. Alikuwa bado anamwita wakati Mzee Crisanto alipomshika bega na kumwambia inatosha, amekwenda.

Babu Fulgencio alirudi akakuta turubai limetandazwa uani. Hakulia mbele yao. Alivua kofia, akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya pembe, mahali Capitana alipopenda kukunwa, akapakuna muda mrefu kana kwamba ng'ombe anasikia. Daktari aliambiwa asije tena. Babu hakutaka mtu ampasue Capitana kumchunguza.

Kisha akauliza alikula nini. Ginesa akarudia uongo wake, na mara hii ulimtoka kwa urahisi zaidi, jambo lililomtisha mwenyewe. Babu alinyanyua macho, akatazama ng'ambo ya mfereji, kwenye milimau. Siku iliyotangulia Mzee Crisanto alikuwa amepulizia dawa miti yake. Harufu ilifika hadi barabarani. Na Capitana alikunywa maji ya mfereji.

"Bomba lako la dawa uliliosha wapi, Crisanto?" babu aliuliza.

"Kisimani kwangu, kama siku zote."

"Uliliosha mferejini."

"Fulgencio, wewe unanijua."

"Nilidhani nakujua," babu alijibu, akampa mgongo.

Maneno yale mawili matatu yalitosha. Ijumaa Kuu kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Crisanto ameua ng'ombe wa jirani kwa uzembe na hataki kukiri. Watu waliokula naye miaka na miaka walianza kupima maji ya mfereji kwa macho kila walipopita kwake. Na Damián, aliyempenda Capitana kama sisi sote, akaugeuza uchungu wake kuwa utani. Watoto walisimama kwenye daraja wakaimba:

Crisanto wa milimau,
bombani watia nini?
Capitana kasahau
njia ya kwenda mjini.

Mzee Crisanto alikuwa akipogoa. Hakugeuka. Ginesa alikuwapo hapo darajani, katikati ya wenzake. Damián alimpiga kiwiko akamuuliza mbona haimbi, kwani ng'ombe hakuwa wao? Ginesa akafungua mdomo akaimba mstari wa mwisho pamoja nao, kisha akaondoka, akaenda kujificha nyuma ya zizi tupu.

Kibaya zaidi kilikuwa sauti ya Serrana. Tangu Capitana alipochukuliwa na gari la mizoga, Serrana alisimama kwenye uzio upande wa mfereji na kulia. Hakulia kama ng'ombe mwenye njaa. Alilia mara moja, akanyamaza, akatega masikio, akisubiri ajibiwe. Kisha akalia tena. Ginesa alijifunika mto, lakini sauti ile ilipita.

Jumamosi chama cha kijiji kinachosimamia mkokoteni kilikaa na kuamua kuazima trekta. Mzee Crisanto alitumiwa ujumbe kwamba mwaka huu asijisumbue kuja. Jumapili ya Pasaka alikuja kanisani amevaa kizibao chake cha sherehe, akakaa kwenye benchi lake, na watu waliokuwa wamekaa hapo wakasogea taratibu hadi akabaki peke yake. Ginesa alikuwa benchi la nyuma. Aliona jinsi shingo ya mzee ilivyokuwa nyekundu, na jinsi alivyokaza macho mbele ibada nzima.

Jumatatu asubuhi lori la mnunuzi wa ng'ombe wa nyama lilisimama kwa Mzee Crisanto. Mama ndiye aliyeleta habari. Alisema Crisanto amechoka: ng'ombe wa nira asiye na mwenzake hana kazi, halali usingizi wala hali chakula, na yeye Crisanto hana tena watu wa kuwavutia mkokoteni. Anamuuza Serrana aende machinjioni, mambo yaishe.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono mitupu mapajani. Alisikia, akasema tu kwamba kila mtu na mali yake. Lakini Ginesa aliona midomo yake ikicheza. Ng'ambo ya mfereji mlango wa lori ulifunguliwa kwa kishindo.

"Babu," Ginesa alisema. "Majani yalikuwa na umande."

Babu hakuelewa. "Majani gani?"

"Ya Capitana. Jumatano sikukata, nilikuwa kwenye ngoma. Nilikata Alhamisi alfajiri, mabichi, nikampa mengi. Kisha nikayafunika kwa makapi. Mzee Crisanto hakufanya kitu, Babu. Ni mimi."

Uso wa babu ulibadilika polepole, kama wa mtu anayesomewa barua ya msiba. Hasira haikuja. Ingekuja, Ginesa angeshukuru.

"Crisanto alikuuliza?" babu alisema.

"Aliniuliza."

"Akiwa na kisu?"

"Ndiyo, Babu. Mkononi. Alisema angemtoboa apone."

Babu aliinamisha kichwa, akaufunika uso kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo Ginesa alipomwona babu yake akilia kwa mara ya kwanza, mabega yakitikisika bila sauti. Mama alitaka kumshika akamzuia. Baadaye kidogo alijifuta kwa mkono wa shati na kusimama.

"Twende," alisema. "La kwako utasema mwenyewe. Na mimi nina la kwangu."

Walimkuta Mzee Crisanto akimvuta Serrana kwa kamba, naye mnunuzi akimsukuma nyuma. Ng'ombe alikuwa amekita miguu, hataki kupanda ubao wa lori. Ginesa alisimama mbele ya ubao huo akasema yote, bila kuruka kitu, hata makapi ya ngano na wimbo wa darajani. 

Mnunuzi alikohoa. Akataka kujua kama ng'ombe anauzwa au hauzwi, maana ana wengine wa kupakia.

Mzee Crisanto alikuwa akimtazama Ginesa.

"Nilikuuliza, binti," alisema. "Nilikuuliza, nikakuuliza tena."

"Ndiyo, Mzee Crisanto."

"Silali. Kila nikifumba macho najiona nakikunja kile kisu. Nilijiambia nimeogopa bure, nimemwacha afe kwa woga wangu. Siku zote hizi nimejilaumu mimi."

Babu alisogea mbele, akavua kofia. Ilikuwa vigumu kwake. Sisi tunaomjua tunajua mzee yule hakuwahi kumvulia mtu kofia isipokuwa kanisani.

"Nilikuita mtia sumu mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu hao hao nitasema nilikukosea. Sikuuliza, sikuchunguza. Nilikuwa na uchungu nikautupa juu yako kwa sababu ulikuwa karibu."

Mzee Crisanto alimwambia mnunuzi aende zake. Akamfungua Serrana kamba, akamrudisha ndani na kufunga lango. Mkono hakuwapa. Alisema tu, akiwa ameshageuka, kwamba ana kazi.

Jioni ile chama kilikutana, na babu alimsimamisha Ginesa mbele ya watu. Walikuwapo wasichana wa ngoma, walikuwapo majirani wa benchi la kanisani, na alikuwapo Damián. Ginesa alipomaliza, hakuna aliyemzomea; wengi walikuwa na yao ya kuonea aibu. Babu naye akasema la kwake. Damián aliinuka akatoka nje bila kuaga. Baadaye tulisikia alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Crisanto, akasimama langoni na kuomba radhi kwa maneno ya kawaida, yasiyo na kina hata kimoja.

Siku ya Bando ilipambazuka angavu, harufu ya maua ya machungwa ikijaa njia zote. Mkokoteni wa Rincón ulibaki bandani. Babu alikataa trekta, na mara hii chama kilimsikiliza. Ginesa alivaa nguo zake za shule. Hakuna aliyemkataza sketi, ni yeye hakuigusa. Walikuwa wakijiandaa kuondoka kwa miguu na vikapu vya maharage walipomwona Mzee Crisanto akija barabarani na kizibao chake, akimwongoza Serrana kwa kamba. Alisema ng'ombe anahitaji kutembea, amesimama uzioni kupita kiasi. Babu akaenda upande wake wa pili. Hawakuzungumza, lakini walitembea pamoja.

Mjini watu walishangaa kuona ng'ombe mmoja bila mkokoteni. Wengine walicheka: "Rincón, mmeuza magurudumu?" Babu aliwajibu, kila aliyeuliza, kwamba mwenzake amekufa na wamekuja kumtembeza aliyebaki. Wakaacha kucheka.

Walipofika kwenye daraja la mto, Serrana alisimama ghafla. Muziki ulikuwa mwingi, umati umebana, na ubavuni mwake, pale alipozoea kumhisi Capitana, palikuwa na upepo tu, maana babu alikuwa amekwenda mbele kutafuta njia. Akageuza kichwa upande huo na kulia kilio kile kile. Mzee Crisanto alivuta kamba, hakusogea. Ginesa aliweka kikapu chini, akaja akasimama mahali pa Capitana, bega lake likigusa bega la ng'ombe. Serrana alimnusa mkono, akapumua kwa nguvu. Akapiga hatua.

Walitembea hivyo mpaka ng'ambo ya mto. Ndipo Ginesa alipouliza, bila kuinua macho, kama Mzee Crisanto amemsamehe.

"Bado," alisema Mzee Crisanto. "Nitakusamehe, lakini bado. Sitakudanganya." Alitembea kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kuchelewa kukata majani ni kosa la mtoto, hata mimi mzee ningeweza kulifanya. Umande una dawa yake, Ginesa, na dawa ilikuwa mkononi mwangu. Uongo wako ndio ulionifunga mkono. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Umesema jana, tumemwokoa huyu. Ungesema Alhamisi, leo wangekuwa wawili."

Ginesa aliitika kwa kichwa. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mkono wake ulikuwa shingoni mwa Serrana, na ng'ombe alikuwa anatembea.